A Imefutika

Herufi A imefutika kwenye kibodi yangu.
Kiswahili kinaidai A kila neno:
barua, shamba, baba, nakala, mkataba.
Vidole vimeilamba hadi ikabaki plastiki tupu.
Q ingali inang'aa konani kwake,
mgeni ambaye hajaombwa hata kuchota maji.

Miaka kumi na mmoja mashine hii iko nami
hapa steshenari, nyuma ya stendi ya Newala.
Niliinunua kwa magunia sita ya korosho za mama,
mwaka ambao mnada ulituchekea.
Asubuhi naibonyeza, kisha nafagia,
nanyunyiza maji mlangoni, kidogo,
maana maji kwetu yanahesabiwa,
nachemsha chai, nainywa,
nayo bado inazungusha kile kiduara
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Ndani kuna kitu kinagonga: tk, tk, tk.
Nilikizoea. Mtu huzoea hata kikohozi cha mwenzake wa kitanda.

Mwezi wa nane fundi Chitanda aliifungua kwa bisibisi.
Akatoa vumbi jekundu la kujaza kikombe
na mjusi mkavu, mwepesi kama risiti.
"Dada Somoe, ubongo bado mzima.
Kinachokufa ni diski. Hiyo inayogonga, inaaga.
Weka ya kisasa, isiyozunguka,
ongeza na RAM: laki na ishirini, tumemaliza.
Au mwambie shemeji yako wa Kariakoo
akutumie nyingine, ya mtumba, laki nne na nusu,
uifungue ukute mjusi wa wenyewe."

Hapo methali zikaanza kugombana kichwani.
Moja: usiache mbachao kwa msala upitao.
Ya pili ikaijibu kutoka dirishani: kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Nikaziacha zipigane. Nikasema nitaamua
mitihani ya kidato cha pili ikipita.
Ikapita. Nikasema, orodha ya wakulima wa chama ikishachapwa.
Ikachapwa, majina mia tatu na arobaini,
mashine ikizimika mara mbili
kati ya Nalinga na Nandonde.
Nikasema, malipo ya awamu ya pili yakiingia.
Kuahirisha nako ni kazi, na mimi nilikuwa mchapakazi.

Kisha akaja binti wa Mkunya, Asina Mchopa,
saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelalia mabati,
na barua ya kuomba kazi bandarini.
Basi la Mtwara linapiga honi.
Kurasa mbili tu. Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka.
Tukakitazama wote wawili kama sufuria isiyotaka kuchemka.
Basi likaondoka.
Hakunigombeza. Aliweka mia tano mezani,
akasema, "Ni mashine tu, dada,"
akaenda kukaa kwenye benchi, asubiri la saa nne.
Ile "tu" yake sikujua niiweke wapi.

Jioni nikampigia Chitanda.
Kwanza nikahamishia kila kitu kwenye flashi mbili:
mikataba ya viwanja, wasifu wa vijana, kadi za harusi
(mbili za ndoa zilizokwisha kuvunjika),
barua ya marehemu baba kwa afisa ardhi,
ambayo haikujibiwa.
Kisha diski. RAM, nikasema, isubiri korosho.
Kioo kibaki na mstari wake wa njano,
feni ibaki na mvumo wake.
Akataka kunitilia na kibodi mpya, bei ya ndugu.
Nikakataa, sikumwambia kwa nini.

Sasa naibonyeza, nageuka kuchukua fagio,
nikirudi imeshawaka,
imenikodolea, inangoja nitaje ninachotaka.
Saa kumi na mbili asubuhi sina jibu hilo.
Sakafu imeanza kuwa chafu. Chai nakunywa nyumbani.
Diski ya zamani iko kwenye droo, kimya,
na A nimeichora upya kwa rangi ya kucha,
nyekundu.
Imeshaanza kuchubuka.