Boliti Iliyobaki

Nililinunua kwa bei ya ng'ombe watatu na aibu kidogo
kwa warithi wa marehemu Nassor, mtaa wa Gongoni:
Datsun ya milango miwili, pua ndefu kama ya nguchiro,
ndani yake kuku ametaga mayai kumi na moja
na kiti cha dereva kimeota uyoga.
Tulilisukuma hadi Cheyo, vijana sita na mimi,
mimi nikiwa nimeshika usukani kana kwamba naendesha.

Jirani yangu Mihayo alisimama mlangoni, mswaki mdomoni.
"Milango miwili," akasema. "Sasa familia itapandia wapi?"
Nyamizi hakusema kitu. Alihesabu mayai.

Mwaka wa kwanza ni wa kufungua tu.
Kufungua ni raha; kila mtu ni fundi wa kufungua.
Nati nilizitia kwenye makopo ya maziwa, nikaandika kwa chaki,
mvua ya Novemba ikaingia bandani
ikasoma yote, ikafuta.

Kutu ni mpangaji asiyelipa kodi:
ukimtoa sebuleni, yuko jikoni.
Msasa namba themanini, msasa namba mia mbili,
vumbi jekundu kwenye kope, kwenye mchicha, kwenye chai,
hadi Nyamizi akahamishia jiko upande wa pili wa nyumba
bila kuitisha kikao.

Pistoni zilitoka Dar es Salaam kwa treni.
Nilimpelekea mtu nisiyemjua ndoo mbili za asali ya Sikonge,
naye akaniletea pistoni tatu.
Tatu! Injini ina silinda nne.
Ya nne ilisubiri nyuki wa mwaka uliofuata.

Luhende, fundi wa zamani wa karakana ya reli,
alinikerezea bushi kwenye mashine iliyozoea ekseli za mabehewa.
Akaiweka kiganjani mwangu, bado ya moto.
"Kwa mashine ile," akasema, "hiki ni kipini cha pua."

Mwaka wa nne sikuligusa.
Paa, ada, goti la mama.
Paka akazalia kwenye buti.
Kalunde, aliyezaliwa injini ikiwa juu ya meza,
alijua kusema "spana" kabla ya "shikamoo,"
na mama yake akaniuliza usiku, taa imezimwa:
"Nimekuzalia mtoto au saidia fundi?"

Rangi nilitaka nyekundu.
Dukani ilikuwepo ya kijani, ile ya milango ya shule.
Nikapaka ya milango ya shule.

Mwaka wa tisa, Jumapili, betri ya kuazima kwa kinyozi:
likakohoa,
likakohoa,
likanyamaza.
"Baba," Kalunde akasema, "bomba la petroli bado lina kitambaa."
Kweli lilikuwa na kitambaa. Changu. Nililiziba mwenyewe.
Kisha likanguruma, Mihayo akatoka na povu la mswaki,
na mimi nikakaa pale na mikono yangu, sijui niiweke wapi.

Nililinunua kwa ajili ya mwendo, nisidanganye.
Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja
na barabara ya Nzega yote imo kichwani, tupu, mshale umelala kulia.
Sasa nina arobaini, na naendesha kwa arobaini,
hadi stesheni na kurudi.
Muuza mkaa akatupita na baiskeli kwenye mteremko;
nikampungia mkono.
Nyamizi kando yangu, kiwiko dirishani,
midomo inatembea kidogo: anahesabu kitu.
Sikuuliza.

Jioni nikafagia banda. Katika kopo la mwisho
boliti moja, ya spana kumi na mbili, safi, haina hata doa.
Nimeingia chini ya gari na tochi mara tano;
hakuna tundu linaloidai.
Breki zinashika. Gari linatembea.
Ninayo mfukoni pamoja na funguo, zinagombana nikipiga hatua.

Kalunde anasema tulifungue tena, tuitafutie kwao.
Nimemwambia asubiri mvua ziishe.
Ameshaanza kupanga makopo,
na safari hii
anaandika kwa rangi.