Mkunga Anachagua Baiskeli

Tilo, muuza baiskeli, aliniuliza bajeti.
Nikamjibu kwa mlima.
Kutoka Heslach, nyumbani kwangu,
hadi Degerloch, juu, waliko wajawazito wangu watatu,
barabara inapanda kama mtu aliyekasirika, haipumui,
nami nina miaka hamsini na tisa
na goti moja linalotabiri mvua.

Ndiyo, ipo treni ya meno. Najua.
Inalala mapema.
Uchungu hauangalii ratiba.

Akaniletea ya kwanza: nyeupe, nyembamba, kama bibi harusi,
mota yake imefichwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma.
Kitovu! Nikacheka.
Miaka thelathini na moja nafunga vitovu,
leo nauziwa kimoja.
Kwenye tambarare iliteleza kama siagi kikaangoni.
Lakini pale mtaa unapopinda, ambapo hata paka husimama akafikiri,
ikaanza kuguna.
Sukuma, nikaiambia, sukuma mama,
kwa sauti ile ile ya kazini.
Ikasukuma mara mbili, ikanyamaza.
Nikakigusa kitovu: kinaungua.
Nikairudisha dukani kwa miguu.
Kitovu chenye homa sikiamini,
kiwe cha mtoto, kiwe cha chuma.

Ya pili haikuwa nzuri. Rangi ya tope, shingo nene,
mota imekaa katikati, penye pedali,
inazitumia gia
kama mbeba mzigo anavyobadili bega.
Tilo akataja Newton-mita themanini na tano.
Nikatoa mizani yangu begini,
ile ya ndoano na kitambaa, ya kupimia vichanga,
nikamwambia: yangu inaishia kilo nane,
nipimie kwa maneno ya watu.
Akafikiri.
"Ukisimamishwa na taa nyekundu katikati ya mlima,
na begi lako, na mvua,
utaondoka tena bila kushuka."

Hapo tukaelewana. Karibu.
Euro elfu nne na mia mbili!
Marehemu Eckhart angeuliza: kwa bei hiyo, na kupika inapika?

Nikauliza breki, mara tatu.
Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma,
na ngoma ya kurudi Heslach alfajiri, juu ya majani yaliyolowa,
naijua: iliniachia kovu kiwikoni.

Sababu yenyewe sikumwambia.

Mwaka wa pili huu, nikifika juu
husimama nje ya mlango, sibonyezi kengele,
nasubiri kifua kishuke.
Pembe yangu ya kusikilizia ni ya mti, ya zamani:
huku tumbo la mama, huku sikio langu.
Na aliyetoka kupanda mlima
husikia humo moyo wake mwenyewe
akadhani ni wa mtoto.

Mwezi wa tatu nilidhani.
Dakika nzima.
Yeliz alikuwa ananitazama usoni.

Jumanne, begi kilo tisa na robo, mvua ya pembeni.
Taa nyekundu, katikati ya mlima, kama ilivyoandikwa.
Nikasimama.
Nikaondoka.
Nyuma yangu lori la mkate lilikoroma kwa wivu.

Nikabonyeza kengele papo hapo.
Yeliz akafungua, soksi mguu mmoja tu:
"Mbona leo hata huhemi?"
Nikainama na pembe yangu.
Moyo wangu ulikuwa mahali pake,
polepole, kama mstaafu anayesoma gazeti.
Na ule mwingine, mia na arobaini kwa dakika,
mbio, mbio,
ukipanda mlima tusiouona,
bila betri.