Marejeo Ngamani

Savonlinna, wiki ya tatu ya Aprili.
Ziwa bado limefumba jicho kwa barafu,
na boti zimepangwa nchi kavu juu ya magogo
kama wagonjwa wanaongoja majina yao yaitwe.

Ile ya Tauno ni ya nne kutoka uzioni.
Mita nane na nusu, ya mwaka sabini na nane,
kibanda cheupe kilichogeuka rangi ya jino la mvuta kiko,
injini moja ya dizeli, vitanda vinne:
viwili vya watu, viwili vya matumaini.
Yuro elfu tisa, asema Bibi Kerttu,
kisha anatazama pembeni, kama aliyetaja umri wake.

Nimekuja na tochi, na bisibisi ya mpini wa mbao.
Nagonga staha shubiri kwa shubiri, sikio chini.
Ko, ko, ko. Mbao nzima,
inaitika kama mlango wa mwenye nyumba.
Ko, ko,
na karibu na dirisha la kushoto, pu.
Narudia. Pu.
Hapo maji yalibisha hodi zamani, yakakaribishwa, yakazaa.
Pu ya upana wa sinia
ni yuro elfu mbili, kwa fundi mwenye huruma.

Naendelea kujumlisha kimoyomoyo.
Betri mbili. Mipira ya mabomba yote,
maana mpira wa miaka arobaini hauna ahadi.
Ada ya gati, bima, turubai jipya.
Dizeli, lita kumi na mbili kwa saa, nikienda kwa adabu.
Cha bei ndogo huja na jamaa zake,
nao wote wana njaa.

Nimekwenda tezi, nimekwenda omo; marejeo ni ngamani.
Nainua ubao wa sakafu, napiga magoti, moja likilalamika.
Rangi huweza kusema uongo, na muuzaji pia;
ngama haijafundishwa.
Maji meusi, kina cha vidole viwili,
lakini hayana utando wa mafuta.
Nachovya kidole, nanusa:
chuma, vumbi la majira ya baridi, samaki aliyesahauliwa.
Vizuri. Vibaya kidogo. Vizuri.

Kerttu ananipa daftari la marehemu.
Kila chujio, kila lita, kila sangara na uzito wake,
mwandiko umenyooka miaka thelathini na mmoja.
Kisha Agosti iliyopita, mstari mmoja:
Pampu ya maji inalia. Kesho nita
Hakuna nukta.
"Sikuthubutu kumalizia," asema.

Nina miaka sitini na saba.
Uzima wa goti la kulia niliuacha kiwanda cha karatasi.
Injini hii imebakiza saa nyingi kuniliko mimi,
ikitunzwa.

Irja yuko garini, kipasha joto kinavuma.
Alisema asubuhi, akipaka mkate siagi:
"Tuna paa moja linalovuja, nawe unatafuta la pili."
Irja ni mkweli kama mizani ya posta.

"Nitafikiri," namwambia Kerttu.
"Fikiri. Barafu haina haraka."
Upepo umelegeza turubai. Nalivuta, nalifunga upya,
kamba mara mbili, fundo letu la kiwandani
tulilofungia marobota ya tani nzima.
Asiyelijua halifungui.
Kerttu anaona. Hasemi.

Garini, kimya hadi tunapita daraja.
Kisha Irja, macho barabarani:
"Kile kitanda cha mbele, urefu wake?"
"Mita moja na tisini."
"Umepima?"

Sikupima.
Nilivua viatu, nikajilaza,
upande wangu tu.