Kidole Kimoja

Mliniambia: Haluwa, katutafutie pa kulala.
Pikipiki mia na arubaini, usiku mbili,
watu wa Voi, wa Garsen, hata wa Tanga,
na mvua za Novemba hazina adabu.
Mkanipa mafuta ya elfu mbili
na Tsofa wa spana, asiyesema mpaka injini iseme.

Tulianzia Mayungu.
Mivinje imejipanga, kivuli kimetandikwa,
bahari karibu, choo cha vigae, meneja wa viatu vyeupe.
Nikateremsha stendi. Mchanga ukaimeza
kama mtoto anavyomeza uji, bila kutafuna.
Pikipiki ikainama, ikainama, ikalala ubavu
mbele ya watalii wawili waliokuwa wakila embe kwa uma.
Meneja akasema: kila hema, elfu tatu.
Tsofa akaiinua.

Ng'ambo ya Sabaki, kabla ya Mambrui,
palikuwa pazuri hasa, nisiwafiche:
udongo mgumu, nyasi fupi, mikorosho.
Akaja mtu na karatasi: shamba ni langu.
Hatujamaliza kusalimiana, akaja mwenziwe
na karatasi yake, muhuri mbichi zaidi: ni langu.
Wa tatu hakuwa na karatasi. Alikuwa na jembe,
na kaburi la mamake chini ya mkorosho wa pili.
Huyo alitutazama tu.
Nikawasha. Sipigi hema juu ya kesi.

Marafa, basi. Yale makorongo mekundu mnayajua kwa picha.
Kijana wa getini akasema: maji yapo.
Yapo wapi? Akanyoosha mkono. Nikaufuata mkono ule
kilomita sita, nikakuta punda wanne kwenye foleni
na wanawake wamekalia madumu matupu,
wakiitazama kofia yangu, wakilitazama tangi.
Mmoja akauliza: hiyo nayo inakunywa nini?
Nikaona haya kujibu.
Watu mia na arubaini wanaoga ndoo ngapi?
Nilipiga hesabu hiyo mpaka nikaiona lami.

Siku ya pili jioni, Kakuyuni, uwanja wa shule.
Goli moja halina mtambaa wa panya.
Mwalimu Nyevu Jefwa, chaki kwenye nyusi,
hakutaja pesa. Alitupeleka nyuma ya darasa la nne:
shimo moja la choo, watoto mia tatu na kumi na wawili.
"Wageni wenu watahitaji vyoo vingapi?"
Nikasema, sita.
"Vichimbeni. Vya kudumu. Siku mkiondoka msiving'oe."
Hiyo ndiyo bei. Nimekubali bila kuwauliza.
Wenye ukali mtanikaripia baadaye.

Lakini ardhi haiaminiwi kwa mdomo wa mwalimu.
Usiku ule kukanyesha, si sana, ya kutosha.
Nikaiegesha pikipiki katikati ya uwanja,
stendi tupu, bila kibao, bila kifuniko cha rangi chini yake,
nikalala barazani kwa darasa la tatu, sikio moja wazi.
Hamjasahau mwaka jana, saa nane za usiku:
moja ilianguka, ikamsukuma mwenziwe,
naye mwenziwe, naye mwenziwe,
thelathini na tisa, safu nzima ikasujudu topeni,
na yule bwana wa Voi akalia kwa ajili ya kioo.

Kumekucha. Imesimama.
Kuku wa mwalimu amelala juu ya kiti, ameacha alama.
Tsofa akapiga magoti, akatia kidole penye stendi:
imezama kidole kimoja, hata ukucha haukufunikwa wote.
Akajipangusa tope kwenye suruali,
akautazama uwanja, akatazama kule nyuma ya darasa la nne,
akasema neno lake la kwanza tangu tutoke Malindi:
"Majembe."