Kidole

Mashine ya pesa za wazee, pale nyuma ya ngome,
haikijui kidole changu.
"Jaribu tena, mzee." Najaribu.
"Cha pili." Nacho kimenyamaza.
Miaka arubaini nashona kofia za vito;
sindano imezilamba alama zote,
kimebaki laini kama ndani ya kombe.

Rukiya, miaka tisa, ameshika fomu ya basari.
Jina la baba. Jina la mama.
Kuna mstari wa lokesheni, kuna wa namba ya simu;
wa babu hakuna.
Baba yake yuko Ghuba, simu hailii.
Mama yake tulimzika Ramadhani ya juzi.

Kusuka nywele nilijifunzia kichwani mwake,
kwa hesabu ya mishono.
Wanawake wa Langoni walicheka mpaka wakakaa chini,
kisha wakaleta mafuta ya nazi na chanuo.
Bi Mwanashee huleta bakuli la mchuzi.
Silirudishi tupu:
ndimu mbili, au buibui lake nimelipiga pindo.

"Rudi Jumatatu," asema kijana, macho kwenye foleni.

Rukiya akauchukua mkono wangu,
akakipulizia kidole pumzi ya moto,
akakisugua utosini, penye mafuta ya jana,
akakibandika mwenyewe.

Taa ya kijani.

Tumefika baraza ya Athmani ndipo naiona fomu.
Penye jina la baba ameandika langu,
kwa kalamu, si penseli,
na herufi ya mwisho imetoka nje ya mstari.