Kamba ya Katani

Saa moja asubuhi namvisha Mzee Idwal soksi,
mguu wa kushoto kwanza, ule uliovunjwa kwa teke
mwaka ambao, asema, maziwa bado yalikuwa na heshima.
Kampuni imenipa dakika thelathini:
dawa, uji wa shayiri, wembe,
kisha kubonyeza kwenye simu kwamba amekula.
Yeye hakuwahi kumpimia ng'ombe dakika.

Blaen-nant ni nyumba ya mawe kichwani mwa bonde,
huku Wales ambako mvua haianzi wala haikomi,
hugeuza ubavu tu.
Njia panda pana jukwaa la zege, limefanya ukoga wa kijani.
Hapo yalipangwa madebe ya maziwa, yakingoja lori
kama watoto wa shule waliochanwa nywele.
Biashara asubuhi, husema kwetu. Ya Idwal na Tegwen
ilianza saa kumi na nusu alfajiri, na bado ikachelewa.

Maana lilikuja lori la tangi, likasema njia ni nyembamba.
Wakakopa, wakapanua njia.
Ikaja barua ya mgao: Ulaya imefurika maziwa,
kamueni mwisho hapa.
Wiki ile kijito kilipita cheupe mbele ya kanisa
na mchungaji akakosa la kuhubiri.
Likaja supamaketi, na lita ya maziwa
ikawa rahisi kuliko lita ya maji
yaliyochotwa mlima huohuo.

Seren, Penwen, Brithen:
arobaini na wawili anawataja mpaka leo
kwa mpangilio wa kuingia zizini, asikosee,
yeye anayenisahau jina kila Jumatatu.
Walipakiwa wote Jumanne moja.
Tegwen alilifagia zizi siku tatu mfululizo,
likiwa tayari safi.

Sasa zizi ni nyumba ya wageni wa wikiendi,
nje lina beseni la maji moto.
Mlima wa kondoo unaulizwa bei na watu wa kaboni,
wapande miti ya kuziombea radhi ndege zao.
Nerys, bintiye, hupiga simu: Baba, weka sahihi.
Baba husema hasikii vizuri.

Leo kaniagiza kuni ghalani.
Huko kila kitu kimefungwa kamba ya plastiki ya samawati,
lango, ndoo, bawaba iliyong'oka,
hata koti lake la mvua, kiunoni.
Lakini juu, kwenye msumari,
palikuwa na bunda la rangi ya mchanga,
na pua yangu ililitambua kabla ya macho.
Katani.
Karatasi yake imeliwa na panya,
zimebaki herufi: NGANYI.

Baba yangu alikata mkonge karibu na Korogwe,
matita ya majani thelathini thelathini, kipande mfukoni,
vidole vimechomwa na miiba hata kikombe cha chai
alikishika kama kitu cha mtu mwingine.
Usiku korona ilipozimwa, ukimya ndio uliomwamsha.
Nailoni, alisema.
Alilitamka kama jina la mchawi
ambaye hajui nyumba yake iko wapi.

Nililiweka bunda mapajani pa mzee.
Akalinusa.
"Hii ndiyo ilikuwa kamba. Tulifungia marobota ya nyasi.
Ng'ombe akiimeza, haimuui."
"Mbona mliiacha?"
Akatazama dirishani kwa muda.
"Ile nyingine ilipungua peni mbili."

Kisha akachomoa ncha, akaanza kufunga fundo,
vidole vimepinda, hataki nimsaidie.
Uji ulikuwa umeganda.
Simu ikalia mfukoni: dakika zimekwisha.
Nikabonyeza, amekula nusu,
nikabaki nimesimama
mpaka fundo likakaza.