Jina Linalofuata

Mimi ni Shija.
Kwetu Unyamwezi jina hili halichaguliwi,
hupewa mtoto ajaye nyuma ya mapacha.
Kwa hiyo anitajaye mimi amewataja wawili,
na kila mgeni, akishatua mzigo, akishakunywa maji,
huuliza kwa adabu:
"Na Kulwa? Na Doto? Hawajambo wakubwa zako?"

Mama alikuwa na jibu lake.
"Wamekwenda Igombe kuteka maji."
Alilitoa bila kuacha kutwanga.

Mwaka ule baba alirudi kutoka pwani.
Alikwenda na pembe begani, akarudi na sugu,
shanga za samsam katika pindo,
na pande la merikani lililokuwa ujira wa mwenzake
aliyeachwa chini ya mti huko Ugogo,
na kibuyu cha maji kando yake.
Mwenzake alikuwa na nini, baba hakusema.
Jina lake lilikuwa Mhoja. Hilo alilisema, miaka baadaye, usingizini.

Mama akawafunika Kulwa na Doto nguo ile, wote wawili.
Ilinukia jua na chumvi.
Mimi nilikuwa mgongoni; nguo haikunifikia.

Siku ya kumi na mbili Doto akashika kiuno,
akasema, "Mgongo unaniuma,"
kwa sauti ya kibibi kizee.
Tukacheka nyumba nzima.
Kicheko kile mama hakujisamehe.

Kisha ndui ikapanda usoni,
mbegu kwa mbegu, kama uwele uliomwagwa na mtu asiye na haraka.
Ngozi iligandana na mkeka,
wakalazwa juu ya majani ya mgomba,
yakinyauka wakabadilishiwa mengine,
mpaka mgomba wetu ukabaki kigogo.

Majirani waliziba njia kwa miiba.
Si ubaya. Nao walikuwa na watoto.
Nyanzala peke yake aliivuka ile miiba,
yeye aliyekwisha kupigwa na ndui zamani ikamwacha na jicho moja.
Alikoroga uji mwepesi kama maji ya mvua,
akaudondosha kwa unyasi, tone, akangoja, tone.

Kulwa alikufa alfajiri.
Doto akauliza, "Mbona upande huu kuna baridi?"
Mama akalala pale penye baridi.
Jioni naye akaenda.
Alizaliwa wa pili, akafa wa pili;
hata njia ile alimpisha mkubwa wake.

Baba alichimba peke yake kwa jembe la Wasumbwa.
Shimo moja. Alilipima kwa mkono,
kama anavyopima mtu nguo,
kisha akaketi ukingoni akashindwa kuinuka.

Mimi niliugua pia. Hakuna aliyenitazama.
Labda ndiyo maana nikapona:
mauti yalinipita nikiwa nimefungwa mgongoni,
yakadhani mimi ni mzigo.

Michembe ilibaki juu ya jiwe haikuanuliwa,
mvua ikaja, ikaoza, ikanuka kijiji kizima.
Ndivyo watu wa mbali walivyojua
kwamba nyumba nyingi hazikuwa na mikono.
Tulikuwa watoto ishirini na wanane, alihesabu Nyanzala kwa kokoto.
Kokoto tisa zilibaki kiganjani mwake.

Baba hakubeba tena.
Msafara ukipita, zumari zikilia,
aliingia ndani akafunga mlango mchana.
Merikani aliichoma. Shanga hazikuungua.
Mama alizifukua majivuni moja moja
na hakumvisha mtu.

Sasa mama hayupo, na wageni hawaishi.
Hunitazama usoni, penye vishimo hivi,
wengine huinamisha macho, hawaulizi.
Lakini kijana mmoja jana aliuliza,
wa kwao mbali, ametua pembe, anatoka jasho:
"Na Kulwa? Na Doto?"

Nikamwambia, "Wamekwenda Igombe."
Akasema, "Watachelewa, jua linazama."
Nami, mtu mzima mwenye wajukuu,
nikatega sikio upande wa njia,
kama mtungi utagonga kizingiti.